Kipande Kivalishwe Faili, Sio Mtu

Hesabu vitabu ulivyoandika jina lako wiki hii. Kwa soja pale chini ya jengo la tao: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unaenda ofisi gani, umeingia saa ngapi. Kwa ajenti wa M-Pesa kwa miaka mingi kulikuwa na kitabu pia: jina, kitambulisho, simu, pesa ngapi, sahihi. Kliniki nayo ina chake. Na ukiinama kuandika, unawaona wote waliokutangulia, majina yao na simu zao, hadi yule dada aliyepita dakika tano zilizopita.

Sasa niambie, kile kitabu kikijaa kinaenda wapi? Nani anakisoma usiku? Soja hajui. Ajenti hajui. Mimi na wewe pia hatujui, na tumeshazoea kutojua.

Juni 2021 tulionjeshwa kidogo. Wakenya waliingia eCitizen kuangalia kama wamesajiliwa katika chama chochote cha siasa, na wengi wakakuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuhudhuria mkutano wake. Jina sahihi, kitambulisho sahihi. Watu wakaanza kunyooshea kidole vitabu hivyo hivyo vya soja na ajenti. Malalamiko yakafika kwa Kamishna wa Data. Lakini ukiuliza jina lako lilitolewa kitabu gani, siku gani, kwa mkono wa nani, hakukuwa na mahali pa kuangalia. Kitabu kinaandika nani ameingia kwenye jengo. Hakiandiki nani ameingia kwenye kitabu.

Watu wa kompyuta wana kazi nzima inayohusu hilo pengo. Ukiondoa maneno yao makubwa, wanauliza maswali mawili tu. Nani anaruhusiwa kufungua hii data? Na akiifungua, anaacha alama gani? Ukisikia benki au hospitali ikijisifu kwamba inafuata masharti ya usalama wa data, sehemu kubwa ya kazi ni hayo maswali mawili. Wengi wetu tunadhani ni mambo mapya, ya seva na paswadi. Si mapya. Hapa Kenya tumeishi ndani yake zaidi ya miaka 100, ila kila mara tulikuwa upande wa kuandikwa.

KENGELE YA MBUZI

Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915. Vita Vikuu vya Kwanza vikaichelewesha, ikaanza kufanya kazi mwaka 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kutembea na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na historia yake ya kazi: mwajiri ni nani, alianza lini, analipwa pesa ngapi, aliachiliwa lini. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kikaning'inia shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mpaka leo tunaita kitambulisho kipande, na wengi hatukumbuki jina hilo lilitoka wapi.

Angalia vile kilifanya kazi, manake huo ulikuwa mfumo kamili. Mwenye kalamu ni mwajiri. Ukitaka kuacha kazi, lazima yeye aandike kwamba amekuachilia. Asipoandika, huwezi kuajiriwa kwingine. Ukitoroka, nakala ya alama za vidole vyako iko Nairobi na polisi wanajua pa kuanzia. Na hata akikuachilia vizuri, bosi mpya anasoma mshahara wako wa zamani kabla hajakuuliza unataka ngapi. Halafu wewe, unayeibeba ile karatasi mchana na usiku, pengine hujui hata kuisoma. Umebeba faili yako mwenyewe shingoni, na huna ruhusa ya kuongeza hata nukta.

Aliyeipeleka hasira hiyo barabarani alikuwa kijana wa ofisi. Harry Thuku alikuwa opareta wa simu pale Hazina, Nairobi. Mwaka 1921 alianza kuhutubia watu kuhusu kodi, mishahara, kazi ya lazima na kipande. Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 16 umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli, umati ukasonga mbele, na risasi zikaanza. Idadi rasmi ya waliouawa ilikuwa watu 21. Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku akapelekwa kizuizini Kismayu, na ilipita karibu miaka 9 kabla hajarudi nyumbani.

Kipande chenyewe kilibaki. Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, na hapo ndipo walowezi walipogundua ghafla kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni dharau. Walipiga kelele hadi wakafunguliwa mlango wa pembeni: sahihi na picha badala ya vidole. Kumbe dharau ilionekana ilipofika mlangoni kwao.

GUNIA LENYE MATUNDU MAWILI

Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi walizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil, wakakusanya maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Katika misako ya wakati huo watu walipangwa foleni na kupitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, matundu mawili tu ya macho. Watu walimwita gakunia. Unasimama mbele yake, anakuangalia, anatikisa kichwa. Kichwa hicho kinaamua kama unarudi kwa watoto wako au unaingia lori la kwenda kambini.

Si kwamba mtoa habari alikuwa jambo jipya. Kipya ni vile alivyopangwa. Yeye anakujua jina, wewe humjui. Anachosema juu yako hakisomwi kwa sauti. Hakuna anayeandika kwamba gunia namba fulani ndilo lililomtaja mtu fulani kwa sababu fulani, kwa hiyo hata miaka ikipita huna pa kurudi kusema huyu alinisingizia shamba. Ukitaka kujua mfumo wa habari usio na uwajibikaji unafananaje, mimi sina picha bora kuliko hiyo.

HERUFI W

Uhuru ulipokaribia, serikali ya kikoloni ilijikuta na shida ya kabati. Mwenye nyumba mpya anakuja, na atapewa funguo za kila droo. Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni kule London, akatoa mwongozo: serikali mpya zisirithi karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, wala zinazoweza kuwaaibisha polisi, wanajeshi na watumishi wake, wala zinazoweza kufichua watoa habari.

Faili zikagawanywa mafungu mawili. Fungu la Legacy lingeachiwa Waafrika. Fungu la Watch lilipigwa muhuri wa herufi W, na halikutakiwa kuguswa na mtumishi yeyote isipokuwa awe raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Rudia kusoma hapo polepole. Karani Mwafrika angeweza kuijua ile ofisi kuliko bosi wake, ajue kila rafu kwa macho yaliyofungwa, lakini droo hiyo si yake. Leo wataalamu wa usalama wanasema ruhusa itolewe kulingana na kazi ya mtu: mhasibu aone hesabu, daktari aone matibabu. Wakati ule ruhusa ilitolewa kulingana na ngozi.

Na walikuwa makini, usidhani ni watu wa kubahatisha. Mihuri ya W iwekwe mahali salama. Karatasi za kuchomwa ziwe majivu kabisa, halafu majivu yavunjwevunjwe. Ikishindikana kuchoma, zifungwe kwenye makasha yenye uzito na kuzamishwa baharini, kwenye kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani iwezekanavyo. Na ukichomoa faili ya W katikati ya faili zitakazorithiwa, tengeneza faili pacha ya uongo uichomeke pale pale, ili anayekuja asione pengo.

Hiyo faili pacha ndiyo inanisumbua mimi kuliko moto wenyewe. Ukichoma, angalau nafasi tupu kwenye rafu inauliza swali. Ukiweka pacha, umeua hadi swali.

Ambazo hazikuteketezwa zilisafirishwa Uingereza kabla ya 12 Desemba 1963. Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliomba zirudishwe, ikanyimwa. Kisha kimya. Mwaka 2009 Wakenya watano waliosema waliteswa katika kambi za miaka ya hamsini walifungua kesi London. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett wakaingia kama mashahidi wataalamu. Januari 2011 wizara ya mambo ya nje ya Uingereza ikakubali kwamba, ndiyo, faili ziko: Hanslope Park, Buckinghamshire. Za Kenya peke yake zilikuwa karibu 1,500, ndani ya maboksi 300. Pamoja nazo zilikuwa za makoloni mengine, jumla makoloni 37.

Ndani yake kulikuwa na mambo ambayo wazee wetu walikuwa wakisimulia jikoni bila mtu kuwaamini. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana kuhusu kupigwa kwa wafungwa, na ushauri wake ulikuwa kwamba kama ni kutenda dhambi basi itendwe kimyakimya. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Mmoja wa wale watano wa mwanzo alikuwa ameshafariki.

Na unajua ni nini kiliwaumbua? Alama. Kuhamisha makasha ni kazi ya ofisi, na kazi ya ofisi inaacha barua. Mtu aliandika kwamba faili zimehamishwa. Mwingine akaandika kwamba Kenya imeziomba. Wa tatu akaandika kwamba tusiwape. Walificha yaliyomo, wakasahau kuficha safari. Anderson alifuata ile safari mpaka mlangoni.

TUMERITHI KABATI NA TABIA

Ningependa kusema baada ya 1963 mambo yalibadilika. Ofisi ilibadilisha mwenyewe tu. Special Branch iliendelea kuandika watu, na mwaka 1968 tukapata sheria yetu wenyewe ya siri za serikali. Kwa miaka mingi kufungua faili ya raia ilikuwa haki ya ofisi, na raia kuuliza habari ya faili hiyo ilikuwa kiherehere.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza kiti. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako, cha 35 kinakupa haki ya kupata habari. Halafu 2019 ikaja Huduma Namba, na tukapanga foleni tena kutoa vidole. Nubian Rights Forum na wenzao wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walikataa kuchukuliwa kwa DNA na kwa mahali mtu anapoishi kupitia GPS, na wakasema mradi hauwezi kuendelea bila sheria na kanuni za kutosha za kulinda data. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi zenyewe, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Kutoka umati wa 1922 hadi majaji wa 2020 ni karibu miaka 100, na kesi ni ile ile: mnachukua vidole vyetu, nani anawaangalia ninyi?

Sheria hiyo ya 2019 ina meno kiasi. Data ikivuja kwa njia inayoweza kukudhuru, aliyeishika ana saa 72 kumjulisha Kamishna. Kanuni za 2021 zinataja kudhibiti nani anaingia na kuweka kumbukumbu za ukaguzi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitoza faini shule moja, klabu moja na kampuni ya mikopo ya simu, jumla zaidi ya milioni 9. Kwa hivyo si kwamba hakuna sheria.

Shida iko kwenye ofisi yenyewe, siku ya Jumanne saa tano asubuhi. Mfumo mzuri unataka kila karani awe na akaunti yake. Lakini ofisi nyingi paswadi ni moja, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kando ya skrini, na kila mtu mpaka mwanafunzi wa mazoezi anaitumia. Mashine inaandika kwamba faili yako imefunguliwa na "mapokezi". Mapokezi ni nani? Hilo ni gunia lenye matundu mawili, bana. Limebadilishwa kitambaa tu.

Mfumo mzuri unataka pia kwamba logi, yaani lile daftari ambalo mashine inajiandikia kila mtu anapofungua kitu, isiwe mikononi mwa wale inaowaandika. Kama msimamizi anaweza kufuta mstari unaomhusu, basi hiyo logi ni faili pacha. Inaonekana nzima, haina pengo, na ni uongo. Polisi wetu wana kitu kinachofanana na logi kwenye OB: kila taarifa inaingia kwa mfuatano na kupewa nambari, na ndiyo maana ukiripoti unaambiwa ushike nambari yako. Anayetaka kuficha lazima ahangaike na mfuatano.

Na lazima mtu aisome. Logi isiyosomwa ni ghala. Karani akifungua rekodi 300 siku ambayo kwa kawaida anafungua 30, au akichungulia faili ya mtu maarufu aliyelazwa wadi nyingine, mtu aone kesho yake, sio miaka 50 baadaye kule Buckinghamshire.

LAKINI SI HIYO PIA NI KUWAFUATA WATU?

Najua kuna mtu tayari ameshika simu ananiandikia: wewe unalia juu ya kipande, halafu unataka karani afuatwe kila anapobonyeza? Swali halali kabisa. Vijana wengi hapa Nairobi wanafanya kazi za mtandaoni ambapo mashine inahesabu dakika wanazokaa bila kugusa kitufe. Mwajiri akisikia neno ufuatiliaji, mara nyingi anasikia kamba ya kumfunga mfanyakazi.

Jibu langu liko kwenye ile kamba. Kipande kilifungwa kwa mtu na kikamfuata kila mahali, kazini, njiani, hadi kwake. Kilimwandika yeye mzima, na kalamu ilikuwa ya mtu mmoja. Logi ninayoitaka inafungwa kwa faili. Haijali karani ameenda chooni mara ngapi. Inalala mpaka mtu aguse rekodi ya Mkenya mwenzake, ndipo inaamka na kuandika: nani, lini, alifungua nini. Karani akiondoka kwenye faili, inamwacha. Na inamlinda pia, kwa sababu siku data ikivuja, karani mdogo aliyekuwa likizo hatabebeshwa mzigo wa bosi.

Pili, mwenye rekodi awe na uwezo wa kuisoma hiyo logi. Estonia raia anaingia mtandaoni na kuona ofisi gani ya serikali imetazama habari zake. Sheria yetu inakupa haki ya kujua data yako inatumika vipi na haki ya kuiona. Haijasema wazi kwamba una haki ya kuona orodha ya waliokufungua. Hapo ndipo ningependa wabunge wetu watumie wino kidogo, kabla hawajatuletea kitambulisho kingine chenye jina jipya.

Tusisubiri bunge lakini. Kanuni zinampa anayeshika data siku 7 kujibu ombi lako la kuiona. Mimi niliacha chuo, faili yangu haikuacha. Bado iko pale na alama zangu, picha yangu na nambari ya simu ya mamangu. Wiki hii natuma barua, ukurasa mmoja, maswali matatu: mna nini juu yangu, mnahitaji kukiweka hadi lini, na tangu nitoke ni nani amekifungua. La tatu wanaweza kuniambia sheria haiwalazimu. Waandike hivyo, waweke sahihi na tarehe. Nitaihifadhi.